Mshono wa Pembeni

Mtoto aliyeuliza hakuwa na ubaya wowote. Alikuwa wa darasa la chekechea, ana pengo mbele, na wakati wa hadithi alikuwa amejiegemeza magotini mwa Mwalimu. Akaweka kiganja chake juu ya tumbo la Mwalimu, akakiacha pale kama anayesikiliza, kisha akauliza kwa sauti iliyolitosha darasa zima, "Mwalimu, huyu mdogo wetu atatoka lini?"

Msaidizi wa Mwalimu, msichana aliyekuwa akichonga penseli dirishani, akageukia ukutani huku mabega yakimtikisika.

"Huyu si mdogo wenu," Mwalimu akasema. "Haya ni makombo mnayoyaacha mezani. Nani mwingine wa kuyamaliza?"

Watoto wakacheka, naye akacheka, na hadithi ikasomwa hadi mwisho. Lakini kengele ilipolia alikwenda chooni, akafunga komeo, akasimama humo mpaka mtu alipogonga.

Jioni alimsimulia mumewe kama kichekesho. Mumewe alikuwa fundi cherehani, na chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kilichokuwa karakana: cherehani mbili, meza ya kukatia, na nguo za watu zimetundikwa ukutani zikisubiri wenyewe. Mtaa mzima ulimwita Fundi, na mkewe alimwita hivyohivyo, kama yeye alivyomwita mkewe Mwalimu. Majina waliyopewa na wazazi wao yalikuwa yamebaki kwenye vyeti tu.

"Eti atatoka lini!" Mwalimu alisema, amejishika mbavu. "Na siku zangu zilishakatika! Hata ningetaka, ningempata wapi?"

Fundi alicheka, lakini kicheko chake kilichelewa kidogo. "Mwache mtoto wa watu. Ng'ombe haelemewi na nunduye."

"Umeniita ng'ombe, Fundi?"

"Nimekuita mwenye nundu."

Mwalimu akamrushia kipande cha kitambaa. Kisha, kicheko hakijamtoka vizuri, uso ukamkunjamana, akaketi kwenye stuli ya wateja na kulia. Fundi hakuwahi kumwona akilia hivyo ila siku ya msiba wa mama mkwe. Alisimama na mkasi mkononi, asijue pa kuuweka.

"Sijitambui," Mwalimu alisema. "Chakula ni kilekile. Kazi ni ileile. Hili tumbo limetoka wapi?"

"Ni umri tu, mke wangu."

"Umri si umekuja kwako pia? Mbona wewe bado mwembamba kama uzi?"

Fundi aliuweka mkasi mezani. Alimletea maji ya kunywa, akasimama karibu naye mpaka alipoyamaliza, na moyoni akajiapia kwamba hatakuwa yeye wa kumliza tena.

*

Katika nyumba ya pili kutoka kwao aliishi mjane aliyeitwa Mama Vichupa, kwa sababu ya vichupa vya unga wa mimea alivyouza barazani kwake. Hakuwa tapeli. Alichouza ndicho alichokunywa mwenyewe, na alianza kukinywa siku zake zilipokatika na mafukuto yakamwandama hadi akawa analala kwenye saruji tupu ili apate ubaridi.

"Shoga yangu, nisikilize," alimwambia Mwalimu. "Mwili wa mwanamke una kitu chake kinachoulinda. Siku zikikatika, kile kitu kinaondoka bila kuaga. Basi mafuta nayo yanahama mapajani, yanakuja kukaa tumboni, kama mpangaji aliyesikia kuna chumba kitupu. Sasa, mimea nayo ina kitu kinachofanana nacho. Si chenyewe, ni binamu yake. Soya inacho. Mbegu za kitani zinacho. Ukichanganya na majani mabichi ya chai na manjano kidogo, yule mpangaji anafungashiwa virago."

"Kwa hiyo nitapungua?"

"Unga peke yake? Nisikudanganye. Ni unga na miguu. Kesho alfajiri uvae raba."

Alfajiri Mwalimu alikuta wanawake wengine wanne wa makamo wakimsubiri kwenye kona, wamejifunga kanga viunoni juu ya suruali za michezo za watoto wao. Walitembea hadi kwenye tangi la maji na kurudi, na kwenye ukuta wa tangi wakasimama kunyanyua chupa zilizojazwa mchanga, juu, chini, juu, chini, huku Mama Vichupa akiwahesabia kama koplo. Vijana wa baiskeli waliokuwa wakiwahi kazini wakawapa jina: treni ya mizigo.

"Treni ya mizigo ndiyo inayolisha mji!" Mama Vichupa aliwajibu. "Nyie ni mabehewa matupu!"

Siku za mwanzo Mwalimu alikuwa wa mwisho, anahema, anajishika kiuno, anawaambia wenzake watangulie. Baadaye akawa katikati. Ikafika siku akawa mbele, anageuka nyuma kuwahimiza wenzake kwa wimbo wa chekechea wa kupanga mstari, nao wanaitikia, wanawake wazima, wanacheka hadi wanashindwa kutembea. Alirudi nyumbani ametota jasho, akakoroga unga wake kwenye maji ya vuguvugu na kuunywa amefumba macho, maana ulikuwa na ladha ya gunia.

Na akapungua kweli. Mashavu yalianza, yakafuata mikono. Mifupa ya mabega, ambayo Fundi alikuwa ameisahau, ikajitokeza tena. Mezani vijiko viwili vilitosha, cha tatu hakipiti. Mama Vichupa akasema unga unakata hamu. Akawa anakwenda haja ndogo kila mara, hata darasani inabidi amwachie msaidizi. Mama Vichupa akasema unasafisha. Jioni tumbo lilimjaa na kukaza kama ngoma, akawa analala ubavu mmoja. Mama Vichupa akasema mafuta ya ukubwani ni mabishi, hayatoki bila ugomvi. Kila jambo lilikuwa na maelezo yake, na maelezo yote yalikuwa mazuri.

Shuleni mwalimu mkuu alimsimamisha mlangoni. "Mama, umerudi usichanani! Tupe siri." Na Mama Vichupa akawa anamsimamisha barazani kwake, mbele ya wateja wapya, anamshika mkono na kuwaonyesha jinsi ngozi ilivyolegea, kama mtu anayeonyesha mavuno.

*

"Fundi, nipunguzie magauni ya kazini. Yananipwaya."

Akasimama mbele ya kioo cha karakana, mikono ameitanua. Fundi akapitisha futi mabegani: yamepungua. Akapitisha kifuani: kimepungua. Alipoizungusha kiunoni, futi ilipita alama aliyoizoea. Akadhani ameishika vibaya, akaizungusha tena.

"Vipi?" Mwalimu alimwuliza, akimtazama kwenye kioo. Uso wake ulikuwa unang'aa, unasubiri.

"Umepungua," Fundi akasema.

"Kote?"

"Kote."

Fundi alikaa na gauni la kwanza alasiri nzima. Akabana mabega, akabana mikono. Kisha akafumua mshono wa pembeni, kushoto na kulia, akaachia kile kitambaa cha akiba ambacho kila fundi mzuri hukiacha ndani, akashona upya na kupiga pasi alama ya zamani mpaka ikafutika. Mwalimu alipolivaa lilimkaa kama alilozaliwa nalo. Akazunguka mbele ya kioo. "Unaona? Unaona?" Akambusu Fundi utosini, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa muda mrefu.

Fundi hakuliona kuwa uongo. Aliliona kuwa kama kumshikia mtu ngazi wakati anapanda. Tumbo lingefuata, si viungo vingine vimeshatangulia? Kwa nini amvunje moyo kwa vidole viwili vya kitambaa? Basi gauni la pili alilifanyia vilevile, na la tatu. Baada ya wiki kadhaa yakarudi tena, mabega yabanwe tena, naye akafumua pembeni tena. Akiba ilipoisha, akatafuta kwenye gunia la masalio vitambaa vya rangi zilezile, akapachika vipande vyembamba chini ya kwapa hadi nyongani, kwa ustadi ambao ungempa sifa kama angeweza kumwonyesha mtu.

Kuna nyakati, mguu ukiwa kwenye pedeli, ilimpitia kwamba si kawaida mtu kukonda mgongoni na kuongezeka mbele. Lakini wazo hilo lilikuwa na mlango mmoja tu wa kutokea, nao ulikuwa kumwambia Mwalimu. Akakanyaga pedeli, sindano ikapiga kelele, wazo likapita.

*

Binti yao alikuwa mwoka mikate katika mji mwingine. Alipopata likizo alikuja bila taarifa, akamkuta mama yake anafua uani, akamkumbatia kwa nyuma kama alivyozoea. Mara akaiachia mikono. Akamgeuza mama yake, akamtazama usoni, akamkumbatia tena kwa mbele, polepole safari hii.

"Mama, unaumwa?"

"Naumwa nini? Napungua! Hata salamu hunipi?"

"Shikamoo. Mgongo wako wote ni mifupa, na tumbo lako ni gumu. Gumu kama unga uliokandwa ukalala."

"Mafuta ya ukubwani ndivyo yalivyo. Subiri na zako zikatike, utaona."

Chakula cha mchana binti hakula. Alimtazama mama yake akisukuma sahani baada ya vijiko viwili, akamtazama akiinuka kwenda chooni, akamtazama aliporudi na kuketi kwa kujishikilia meza. Kisha akamgeukia baba yake.

"Baba, wewe huoni?"

Fundi alikuwa anatafuna. Aliendelea kutafuna kitu ambacho kilishaisha mdomoni. "Mama yako anafanya mazoezi," alisema.

"Kesho tunakwenda hospitali."

"Nina darasa kesho," Mwalimu akasema.

"Watakaa na msaidizi. Mama, nakuomba. Nikikosea, nitakunywa huo unga wako mbele ya mtaa mzima."

*

Daktari alikuwa mwanamke mdogo kuliko binti yao, mwenye sauti ya taratibu. Aliwaamkia, akawakalisha. Mwalimu alijibu maswali yake kama mwanafunzi anayejua somo. Ndiyo, siku zilikatika, mwaka juzi. Ndiyo, nilinenepa, lakini nimejitahidi. Akaeleza habari za soya na mbegu za kitani, za majani ya chai, za tangi la maji na chupa za mchanga, na alipofika kwenye treni ya mizigo daktari akatabasamu.

"Umepungua bila kutaka, au kwa kutaka?"

"Kwa kutaka, binti yangu. Kwa jasho."

"Na tumbo? Nguo zako zimekubana kiunoni miezi hii?"

"Hata kidogo. Mume wangu ni fundi, kila mara ananipunguzia. Mwulize."

Daktari akainua macho kumtazama Fundi. Binti akageuka. Mwalimu naye akageuka, bado anatabasamu, akimsubiri athibitishe. Fundi aliishika kofia yake kwa mikono miwili. Mle chumbani kulikuwa na feni ya mezani inayogeuka huku na huku, nayo ikageuka mara kadhaa kabla hajasema.

"Kiunoni niliongeza," alisema.

"Unasema?"

"Mabega nilipunguza. Kiunoni niliongeza. Kila mara. Nguo zote." Akaizungusha kofia. "Kitambaa cha ndani kilikwisha, nikatia vipande."

Mwalimu akashusha macho, akalitazama gauni alilovaa. Akainua mkono wa kushoto, na kwa vidole vya kulia akapapasa chini ya kwapa, akashuka polepole ubavuni hadi akakuta mshono mmoja, kisha wa pili kando yake. Akaviacha vidole pale.

Daktari hakumlaumu Fundi. Alimlaza Mwalimu kitandani, akaligonga tumbo kwa vidole upande huu na huu, akasikiliza. Picha ikapigwa siku hiyohiyo, vipimo vingine vikafuata, na waliporudi kwa majibu daktari alivuta kiti akaketi karibu na Mwalimu badala ya kukaa ng'ambo ya meza. Tumbo lilikuwa limejaa maji. Chanzo kilikuwa uvimbe kwenye vifuko vya mayai, nao ulikuwa umeshasambaa. Alilitaja neno saratani mara moja tu, kwa sauti ileile ya taratibu.

"Ni ule unga?" binti akauliza.

"Hapana. Sioni kwamba unga ndio uliomletea. Soya na mbegu hizo ni chakula. Watu wengine huwapunguzia mafukuto kidogo, wengine hawaoni tofauti. Na kutembea kulikuwa jambo jema, Mama, nisikufiche. Moyo wako na miguu yako vina nguvu, na utazihitaji kwenye upasuaji. Shida ni kwamba huku kupungua hakukuwa kwa unga wala kwa miguu. Ni ugonjwa ndio uliokuwa unakula."

"Ningekuja mapema?" Mwalimu aliuliza.

Daktari alimtazama, akachagua maneno. "Mapema huwa ni bora."

*

Nje, binti alikwenda dirisha la malipo akawaacha wawili kwenye benchi la korido. Watu walipita na mashuka, na mafaili, na vyombo vya chakula. Fundi alitaka kumshika mkono mkewe, lakini ulikuwa umefumbatwa mapajani.

"Ulikuwa unacheka peke yako?" Mwalimu akauliza.

"Nini?"

"Ulipokuwa unafumua. Mimi nazunguka mbele ya kioo kama mwali, na wewe unajua."

"Sikucheka hata siku moja. Wallahi. Ulilia, Mwalimu. Siku ile ya yule mtoto. Nilisema sitaki kukuona hivyo tena."

Muuguzi alipita akiita jina la mtu mwingine.

"Nililia," Mwalimu alisema mwishowe. "Nikapangusa machozi, nikapika, tukala. Kulia hakujaniua mimi. Wewe ulidhani hakuna kitu kibaya duniani kuliko mimi kulia."

Waliporudi nyumbani alivua lile gauni, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya meza ya kukatia, na tangu siku hiyo alivaa dera.

Cherehani ya pili iliuzwa ili kulipia upasuaji, na binti aliomba ruhusa ndefu kazini. Kwa baba yake alikuwa na adabu yote ya mtoto, alimwandalia maji ya kuoga na chai, lakini hakumtazama. Siku moja tu ilimponyoka, wakiwa uani. "Mtu wa nje anaweza asione, Baba. Wewe ulikuwa na futi mkononi." Kisha akaingia ndani, na Fundi akabaki amesimama kwenye kamba ya nguo na vibanio mkononi.

Mama Vichupa alikuja Mwalimu aliporudi kutoka wodini. Alikuwa amefunga baraza lake. Aliketi chini, miguu ameinyoosha kama kwenye msiba, akaanza, "Wahenga walisema mficha maradhi..." akamwona Fundi mlangoni, akakatiza, akajifuta uso kwa upindo wa kanga. "Na mimi nilificha, shoga yangu. Kila ulichonieleza nilikipa jina zuri."

"Hukujua."

"Sikujua. Lakini nilijibu."

Mwalimu akamwekea mkono begani. "Wenzetu bado wanatembea?"

"Nani ana miguu ya kutembea?"

"Tembeeni. Yule mwenzetu mwenye sukari asikae bure. Mwambie nimesema mimi."

*

Upasuaji aliustahimili, kama daktari alivyotabiri. Dawa zilizofuata alizistahimili pia kwa muda, nywele zikaondoka, kucha zikawa nyeusi. Kisha maji yakaanza kurudi tumboni, yakatolewa, yakarudi. Daktari akawaita tena, akavuta kiti tena. Baada ya hapo hawakupangiwa siku nyingine ya tiba, walipewa dawa za maumivu tu.

Ilikuwa adhuhuri, binti ametoka kwenda sokoni, Mwalimu akamwita mumewe kutoka karakana. Miezi yote ile binti ndiye aliyemwogesha. Siku hiyo akasema, "Nioge sasa hivi. Nioshe wewe."

Fundi akaleta beseni na maji ya vuguvugu. Akamsaidia kuvua, akamketisha kwenye kiti cha plastiki, akaanza kumpangusa mgongoni kwa kitambaa. Alikuwa anafanya upesi, macho ameyaelekeza kwenye maji.

"Nitazame," Mwalimu akasema.

"Nakutazama."

"Unatazama beseni. Nitazame mimi, uniambie unachokiona."

"Mwalimu..."

"Niambie. Sina mwingine wa kumwuliza. Binti analia, Mama Vichupa analia. Wewe niambie."

Fundi akasimama mbele yake, maji yakimdondoka viganjani. Akamtazama kuanzia juu.

"Nywele zimeanza kuota, nyeupe," alisema. "Macho yana umanjano. Shingo imekuwa nyembamba."

"Endelea."

"Mbavu naziona zote. Tumbo limejaa kuliko wiki iliyopita. Kovu limefunga vizuri. Miguu imevimba, mguu wa kulia zaidi." Akachungulia nyuma yake. "Nyuma, juu ya nyonga, kuna kidonda kinataka kuanza. Hujakiona. Nitakipaka dawa."

Mwalimu alikuwa anaitikia kwa kichwa taratibu, kama alivyokuwa akifanya darasani mtoto anapotamka herufi moja moja bila kukosea.

"Muhula mpya unafunguliwa mwezi ujao," alisema. "Nitakuwepo?"

Dirishani palikuwa na sauti za watu barabarani, mtu anauza kitu, mtu anacheka. Fundi akapiga magoti pale kwenye maji yaliyomwagika ili uso wake uwe sawa na wa mkewe.

"Hapana, mke wangu. Sidhani."

Alimtazama aone kama atalia. Machozi yalimtoka kweli, yakateremka mashavuni, naye hakuyafuta. Akanyoosha mkono akamshika Fundi shavu, akauacha mkono hapo. Ulikuwa wa moto.

"Basi wapate mtu mapema, msaidizi peke yake hatoshi," alisema. "Watoto wadogo wakikaa wiki moja bila mwalimu, wanasahau hata kupanga mstari. Nenda ukamwambie mwalimu mkuu. Nenda leo, asije akawa ananisubiri."

Fundi alimalizia kumwosha, akapaka dawa kwenye kidonda, akamvika, akamlaza kwa ubavu uliokuwa salama. Binti aliporudi na kapu lake, Fundi alivaa viatu akaenda shuleni. Alikuta ni mapumziko. Uwanja ulikuwa umejaa watoto wanaokimbizana, na mwalimu mkuu alikuwa amesimama katikati yao akimfunga mmoja kamba za viatu.

"Mzee, karibu! Mama anaendeleaje?"

Fundi akamwambia. Lakini kelele zilikuwa nyingi, na mwalimu mkuu akainama, akaweka kiganja sikioni, akamwomba radhi, arudie. Fundi akavuta pumzi, akarudia kwa sauti kubwa zaidi, na baadhi ya watoto waliokuwa karibu wakaacha kukimbia.